Pax maana yake amani, lakini sisi wote tunatumia tar

Wenzangu, fungua terminali ya ile Linux uko nayo hapo, andika pax, kisha bonyeza Entrée. Karibu kila ordinatere itakujibu kwamba hiyo amri haiko. Sasa andika tar. Iko. Na hapo njo kichekesho kinaanzia: kitabu cha kanuni kinachoitwa POSIX, kile kinachosema mfumo endeshi wa ukoo wa Unix unapaswa kuwa na amri gani, kinadai pax kwa lazima, lakini tar hakiitaji hata kidogo. Kile tulicholazimishwa hatuna, kile ambacho hakuna aliyetulazimisha tuko nacho wote. Nataka nieleze namna mambo yalifika hapo, juu ni historia ambayo kwenye kozi inapitiwaka mbiombio, kama vile amri zilianguka toka mbinguni.

Kwa mwanafunzi wa huku kwetu, hii si habari ya kujifurahisha tu. Mega zinalipwa. Umeme unakuja, unakwenda. Ukipata mashini ya zamani, ao ukiingia kwenye serveri ya mtu ambapo huna ruhusa ya kuinstale kitu, unafanya kazi na zile amri zilizokuja ndani, basi. Sehemu kubwa ya zile amri ziko pale kwa sababu watu fulani walikaa kwenye mikutano miaka ya 1980, wakasema hii iingie, hii ibaki inje, hii tuitengeneze upya kwa sababu hatusikilizani. Mwisho wa hiyo orodha unaubeba hata mfukoni: tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, amri kama cp ndani ya simu zinatoka kwa programu moja inayoitwa toybox, na mtengenezaji wake alitumia orodha ya POSIX kama mahali pa kuanzia.

Tuanzie kwenye mzizi. Unix ilizaliwa mwaka 1969 kwa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani AT&T, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Kampuni hiyo ilikuwa imefungwa na makubaliano ya mwaka 1956 na serikali yao: ibaki kwenye mambo ya simu, isifanye biashara ya ordinatere. Donc Unix ikatolewa kwa vyuo vikuu kwa bei ndogo, pamoja na msimbo wake wote. Kila mtu akaanza kuongeza kitu chake. Kwa chuo cha Berkeley, California, mwanafunzi Bill Joy aliandika vi, na kukatoka toleo lao lililoitwa BSD. AT&T nao wakaendelea na njia yao, na walipofunguliwa kamba mwaka 1984 wakaanza kuuza System V kama bidhaa ya kweli. Tangu hapo kila kampuni iliyotengeneza mashini ilikuwa na Unix yake, na kila Unix ilifanana na nyingine sawa vile Kiswahili cha Goma kinafanana na cha Lubumbashi: mnasikilizana, mpaka siku moja neno moja linaleta mambo.

Chukua echo, amri ndogo kuliko zote. Kwa watu wa BSD, kama hutaki iruke mstari mwishoni, uliandika echo -n. Kwa watu wa System V uliandika alama ya \c ndani ya maneno yenyewe. Skripti iliyoandikwa upande mmja ilipofika upande wa pili ilichapisha takataka. Ao ps, ile inayoonyesha programu zinazotembea: huku ps aux, kule ps -ef. Ao sum, amri ya kuhakikisha faili haikuharibika njiani. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi, juu pande mbili zilitumia hesabu mbili tofauti chini ya jina moja. Mtu wa System V alikutumia faili pamoja na namba yake, wewe wa BSD ukapiga hesabu, namba ikakataa, wakati faili iko nzima kabisa.

Serikali ya Marekani, iliyonunua mashini kwa wingi, ilichoka. Wenye programu nao walichoka. Mwaka 1984 shirika la watumiaji lililoitwa /usr/group lilitoa karatasi ya kwanza ya makubaliano, na kazi ikapelekwa kwa IEEE, shirika la wahandisi. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1988. Jina POSIX lilipendekezwa na Richard Stallman, yule wa GNU. Mtamkuta tena hapa chini akilia juu ya kitu kilichobeba jina alilokipa mwenyewe. Lakini kile kitabu cha 1988 kilihusu tu namna programu ya lugha ya C inaongea na mfumo. Amri za terminali hazikuwemo. Hizo ziliachiwa kamati nyingine, 1003.2, na kazi yao ilikwisha mwaka 1992 tu.

Pengo hilo lilikuwa na matokeo yake. Windows NT ilipotoka mwaka 1993, Microsoft waliweka ndani sehemu ya POSIX, juu serikali ilikuwa inadai hivyo kwa mashini inazonunua. Lakini waliweka kile kitabu cha kwanza tu. Hakuna sheli, hakuna grep, hakuna kitu cha kuandika. Kwenye karatasi za kununua alama iliwekwa kwamba POSIX iko. Kwa mtu aliyekaa mbele ya kioo hapakuwa na kitu. Hapo njo unaona orodha ya amri si jambo la mapambo.

Sasa, unaamua namna gani? Kwenye IEEE watu wanapiga kura kama mtu binafsi, hata kama mshahara wao unatoka kwa kampuni fulani, na inatakiwa asilimia 75 ya wapiga kura warudishe kura, kisha asilimia 75 ya waliopiga wakubali. Anayekataa anapaswa kuandika sababu, na sababu yake inapaswa kujibiwa. Fikirini hiyo wakati ule: mwaka 1988 makampuni makubwa yaligawanyika kambi mbili, AT&T na Sun upande mmoja, IBM, HP, DEC na wenzao upande mwingine wakaunda OSF. Watu wa kambi zote mbili wakaketi chumba kimoja wakijadili herufi ya -n.

Kanuni waliyojipa ilikuwa nzuri, naona. Swali halikuwa "amri hii ni nzuri?" Swali lilikuwa: je, mtu anayeandika skripti ataihitaji ili skripti yake itembee kwenye mashini asiyoijua? Kwa kipimo hicho, mambo ya msimamizi yalitoka mara moja: su, passwd, chroot, mknod. Kila mfumo una namna yake ya kujilinda na kujitawala, na kamati haikutaka kuingia nyumba za watu. Kisha vitu vya kutumia mtu akiwa mbele ya kioo, kama vi, more na talk, vikapewa sehemu yao ya pembeni, ya hiari. Ndiyo maana, hata leo, ed ya zamani, ile inayokujibu alama ya kuuliza tu ukikosea, iko kwenye sehemu ya lazima, na vi haiko. Skripti inaweza kumtuma ed afanye kazi bila mtu. Vi inataka macho.

Emacs nayo? Hapa watu wengi wanafikiri ilifukuzwa na wapenzi wa vi. Hapana. Wapenzi wa Emacs wenyewe walikuja kuomba isiwekwe. Waliogopa kwamba ikiandikwa kwenye kanuni, makampuni yataleta Emacs inayofuata karatasi neno kwa neno, imekufa, haiwezi tena kupanuliwa na mwenye kuitumia, na watasema: si mlitaka Emacs, hii hapa. Kwangu mimi, kati ya maamuzi yote ya ile kamati, hili njo la akili kuliko yote, na halikutoka kwa kamati.

Sasa tufike kwenye vita yenyewe. Kuko kazi moja ambayo kila mfumo unahitaji: kuchukua mafaili mengi, kuyafunga kama mzigo mmoja, kuyapeleka kwingine, kuyafungua. Zamani mzigo ulikwenda juu ya bande ya sumaku. Amri tar ilitoka na toleo la saba la Unix mwaka 1979, na watu wa BSD na vyuo vikuu waliishika. Amri cpio ilitoka ndani ya AT&T yenyewe, na watu wa System V waliishika. Kila moja na umbo lake la mzigo, kila moja na namna yake ya kuamriwa: tar unaitajia majina ya mafaili, cpio unaimwagia orodha toka amri nyingine. Kila upande ulikuwa na mabande mengi yaliyojaa, na hakuna aliyetaka kuambiwa kwamba bande zake ni za kigeni.

Kitabu cha 1988 kilikimbia ugomvi kwa kuandika maumbo yote mawili. Walipofika kwenye kuchagua amri, hawakuweza tena kukimbia. Wakatengeneza kitu cha tatu: amri moja inayosoma na kuandika maumbo yote mawili, isiyofuata namna ya tar wala ya cpio. Wakaiita pax. Kwenye karatasi jina linatoka kwa maneno ya kubadilishana mizigo, lakini kila mtu aliyesoma Kilatini kwenye seminari anajua neno hilo ni amani. Walilichagua wakijua.

Kwa uhandisi, pax ni kazi safi. Mwaka 2001 ilipewa hata umbo lake jipya, kwa sababu lile la tar lililokuwa kwenye kanuni lilikuwa na mipaka: faili haiwezi kupita gigabaiti 8, jina refu halikai vizuri, na herufi zisizo za Kiingereza hazina mahali pa uhakika. Umbo jipya linabeba majina kwa UTF-8. Mwaka huohuo tar na cpio zilitolewa kabisa kwenye orodha. Na watu? Watu waliendelea na tar. Walikuwa wameshazoea, vidole vilishajua tar xvf, na tar ya GNU ilijifunza kusoma lile umbo jipya bila kelele. Kwa hiyo umbo la pax lilishinda, liko ndani ya mizigo mingi tunayopakua kila siku, lakini amri yenyewe watengenezaji wa Linux wakaona hakuna anayeiomba, wakaiacha inje. Amani ilikuja, ila kwa mlango ambao wapatanishi hawakuujenga.

Kwa echo, walifanya kinyume: hawakujaribu hata kupatanisha. Kitabu kinasema tu kwamba echo ikipewa -n ao alama ya mkwaju wa nyuma, matokeo yanategemea mfumo uko nao, na kinakushauri utumie printf, ambayo waliichukua toka toleo la tisa la Unix la maabara. Hii ilifaulu. Printf haikuwa na kambi, hakuna aliyeichukia. Angalieni tofauti: pax na printf zote ni kitu cha tatu kilicholetwa kukata ugomvi, moja ikakaa, nyingine ikabaki juu ya karatasi. Sababu naiona hivi: echo ilikuwa imevunjika kweli, skripti yako ilikufa kila juma, tar haikuwa imevunjika kwa mtu aliyeitumia upande wake. Sum ilizikwa vilevile na cksum ikachukua nafasi yake na hesabu moja, ileile inayotumika kulinda data kwenye kamba za Ethernet. Kwa ps, waliweka chaguo la -o ili mtu aseme mwenyewe anataka safu gani. Ps aux ambayo sote tunaandika haiko kwenye kanuni mpaka leo.

Kuko pia maamuzi yaliyoumiza. Kanuni iliamua kwamba df na du zihesabu nafasi kwa vipande vya baiti 512, kama Unix ya zamani. Stallman aliona ni upuzi, nani anafikiri kwa vipande vya 512? GNU wakahesabu kwa 1024, na anayetaka kufuata kanuni kamili alipaswa kuweka kigeuzi chenye jina la kejeli, POSIX_ME_HARDER. Baadaye wakalipunguza ukali, likawa POSIXLY_CORRECT, na liko hata leo. Ukiliweka kwenye mashini yako, df itabadilisha namba. Jaribuni.

Na kwa mwaka 2001 namna za zamani kama head -10 na sort +1 zilifutwa, zikabaki head -n 10 na sort -k 2. GNU walipoifuata kanuni kwa bidii, skripti za miaka ishirini zilianza kukataa kutembea mashini kwa mashini, na makelele yalikuwa mengi mpaka wakaweka njia ya kurudi nyuma. Egrep na fgrep pia ziliondolewa wakati ule, nafasi yao ikachukuliwa na grep -E na grep -F. Lakini zilibaki kwenye mashini zetu kimya kimya mpaka grep 3.8 ya GNU, mwaka 2022, ilipoanza kumkaripia kila anayeziita. Miaka 21 baada ya hukumu.

Compress ina kisa chake. Ilikuwa amri ya kawaida ya kupunguza ukubwa wa faili, lakini hesabu yake, LZW, ilikuwa chini ya hati ya haki ya uvumbuzi ya kampuni ya Unisys. Utalazimishaje dunia nzima kuwa na kitu ambacho lazima ukilipie? Kitabu kikatoa ruhusa ya ajabu: mfumo unaweza kuwa na compress inayokataa kufanya kazi na kurudisha tu namba ya kosa. Wakati ule GNU walishapata gzip, ya mwaka 1992, bila deni kwa mtu. Hati ile ilikwisha Marekani mwaka 2003, hakuna tena aliyejali.

Lakini ile iliyonishika mimi ni spell. Unix ilikuwa na amri ya kusahihisha maandishi tangu miaka ya 1970, na kamati ilifikiria kuiweka. Wakaiacha, na sababu waliyoandika ni ya kweli kabisa: hakuna ufundi unaojulikana wa kutambua maneno ya lugha yoyote ile bila kuleta pia kamusi nzima ya lugha hiyo. Spell ilijua Kiingereza tu. Ilikuwa na orodha ya maneno, ikakata mikia michache, ikamaliza. Jaribu hiyo kwa Kiswahili: hatutawaandikia ni neno moja, na kitenzi kimoja cha kuandika kinazaa maelfu ya sura kabla hujaweka -ka yetu ya huku. Orodha haitoshi, unahitaji sarufi ndani ya mashini. Wengi waliokaa pale walitoka makampuni ya Marekani, wangeweza kusema "Kiingereza kinatosha, iingie". Hawakusema. Kulazimisha kila mfumo duniani kubeba amri ya lugha moja, ikiwa na jina la jumla la kusahihisha tahajia, kwangu isingekuwa haki. Mimi nilitarajia kukuta kiburi mahali hapo, nikakuta kinyume.

Tangu 1998 kazi iko mikononi mwa kundi liitwalo Austin Group, linalounganisha IEEE, The Open Group na ISO. Orodha ilikuwa karibu amri 160. Toleo la mwaka 2024 limekata na kuongeza: fort77, ya kuita kompaila ya Fortran, imetoka, pamoja na familia nzima ya qsub iliyokuwa ya kupanga kazi kwenye foleni. Zimeingia readlink, realpath na timeout, ambazo watu walikuwa wanazitumia zamani sana wakifikiri ni za kanuni tayari. Which bado haiko; anayetaka uhakika aandike command -v.

Na imeingia gettext na ndugu zake, zile zinazoruhusu skripti kuongea na mtu kwa lugha yake. Maana yake ni kwamba kuanzia sasa, mwenye kuandika skripti inayofuata kanuni ana haki ya kutegemea kwamba njia ya tafsiri iko kwenye mashini, sawa vile anategemea ls. Tafsiri zenyewe ni jambo lingine, lazima mtu akae aziandike. Maktaba ya C ya GNU inabeba sw_KE na sw_TZ tangu zamani.

Kitabu chote kinasomwa bure kwenye tovuti ya The Open Group, na sehemu ya mwisho, ile ya sababu, njo ninawashauri muanze nayo, kabla ya kanuni zenyewe. Kuingia Austin Group hakulipiwi, na hakuna anayekuuliza unatoka kampuni gani. Unaandika kosa uliloona, linapewa namba, na linajadiliwa kwenye mikutano yao ya simu, moja baada ya jingine, mengine yakingoja miaka.